Kangaga Lipi?

Popi alianza kutapika saa mbili usiku, siku ya Jumamosi, kwenye mkeka wake wa barazani. Mara ya kwanza nilidhani amevimbiwa tu, maana mtoto wa mbwa wa miezi minne hajui kushiba. Mara ya pili nikawasha tochi ya simu, nikainama. Ndani ya povu jeupe kulikuwa na vipande vya majani ya kijani. Nikainua macho. Juu yangu, kwenye ndoano ya dari, kangaga la marehemu mama lilikuwa linaning'inia kwenye kopo lake la Kimbo, na majani yake mawili marefu, yaliyokuwa yameshuka hadi usawa wa magoti, yalikuwa yametafunwa ncha.

Sikungoja kuambiwa. Nililishusha kopo, nikalikamata kangaga kwa mikono miwili, nikaling'oa pamoja na udongo wake, nikaenda kulitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Mama alikuja nalo kutoka Lushoto mwaka aliokuja kukaa nasi hapa Morogoro. Alilipakata kwenye basi safari nzima kama mtoto. Lilikuwa limebaki miaka 11 baada yake. Kulitupa hakukunichukua hata dakika tano, na nilipokuwa nanawa mikono nilijiona nimefanya jambo la busara.

Nieleze kwa nini nilikuwa na hakika kiasi kile.

Nilikulia kwenye miteremko ya Usambara, ambako ng'ombe hafungwi kamba malishoni. Anakaa bandani, majani yanamfuata. Kila mtoto akitoka shule alikuwa na mzigo wake wa majani ya kukata, na kila mzigo ulipitia mikononi mwa mama kabla haujafika horini. Alikuwa anaufungua, anautandaza, anapekua. Ole wako akute kangaga ndani yake. Hakuwa mtu wa kupiga, ila mzigo wote ulirudi mlimani na wewe ukarudi nao, jua likiwa limeshazama. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe aliyekojoa damu miezi kadhaa, akakonda, akafa. Watu wazima walisema ni kangaga. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na nilikwenda kuuangalia mkojo ule mwekundu kwenye sakafu ya banda. Jambo kama hilo mtoto halisahau.

Na wazee wale walikuwa sahihi. Kangaga la mlimani, lile linalofunika miteremko iliyochomwa moto na mashamba yaliyochoka, ambalo wataalamu huliita Pteridium, lina sumu iitwayo ptakwilosaidi. Ng'ombe anayelila muda mrefu hupata uvimbe kwenye kibofu na kuanza kukojoa damu. Akilila kwa wingi, uboho wa mifupa hushindwa kutengeneza damu mpya. Farasi nao hudhurika kwa njia nyingine, kwa sababu mmea huohuo una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na farasi aliyepungukiwa na vitamini hiyo hupepesuka kama mlevi. Hayo yote nimeyasoma ukubwani. Utotoni nilijua neno moja tu, kangaga, na picha moja tu, ya damu sakafuni. Usiku ule wa Jumamosi neno na picha vilikutana tena barazani kwangu.

Jirani alisikia pilikapilika akaja na khanga yake mabegani. Alimtazama Popi, akatikisa kichwa. "Huyu amewekewa sumu," alisema. "Wezi wanakuja wiki hii. Wanaanza na mbwa." Hakuna mtaa ambao haujapata kusikia habari hiyo, na mara nyingine ni kweli. Akaniambia niharakishe maziwa. Mwingine akaongeza kutoka ng'ambo ya ukuta: mayai mabichi na mafuta ya kula, umfunue kinywa umiminie. Nilikuwa nimeshachemsha maziwa, kikombe kimo mkononi, ndipo nikakumbuka kumpigia daktari wa mifugo aliyemchanja Popi. Ni kijana, nadhani hajafika miaka thelathini na tano.

"Shikamoo mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshalala. "Marahaba mwanangu, Popi anakufa." Akaniuliza ametapika mara ngapi. Mara nne. Anatetemeka? Hapana. Udenda unamtiririka? Kidogo. Anatembea sawasawa? Ndiyo, ila amejikunyata. Kuna sumu ya panya ndani ya nyumba? Hakuna. Nimepulizia dawa ya wadudu bustanini wiki hii? Sijapulizia. Chanjo ya pili alipata lini? Nikamtajia tarehe. Baadaye alinieleza kwamba kila swali lilikuwa mlango anaoufunga. Dawa nyingi za wadudu za mashambani humfanya mbwa atetemeke, atokwe na udenda bila kukoma na mboni za macho zisinyae, na hayo hutokea upesi. Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda hukaa kimya siku kadhaa kabla mbwa hajaanza kutoka damu. Parvo, ugonjwa wa virusi unaowamaliza watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, ndio uliomtia hofu zaidi, ndiyo maana aliitaka tarehe ya chanjo.

"Sasa mfunue mdomo," aliniambia, "bonyeza fizi kwa kidole, uachie. Rangi inarudi?"

Nikabonyeza. Palikuwa peupe, pakarudi pekundu kabla sijahesabu mbili.

"Vizuri. Usimpe maziwa, mwalimu. Maziwa hayaui sumu, yatamzidishia kuhara. Mafuta ndiyo usithubutu kabisa. Mbwa anayetapika ukimmiminia mafuta, yanaweza kuishia mapafuni, na hapo nitakuwa natibu jambo jingine. Maji ya chumvi pia hapana, chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Matapishi yake yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Kesho alfajiri nipo hapo. Akianza kutetemeka au fizi zikipauka, usingoje alfajiri, nipigie saa yoyote."

Nikayamwaga maziwa. Jirani aliondoka akiwa hajaridhika, na simlaumu. Sote tumekua tukiambiwa kwamba maziwa hukata sumu. Nililaza godoro la mjukuu pale barazani, nikalala na Popi. Kila alipojigeuza nilimfunua mdomo na kubonyeza fizi, mpaka mwenyewe akachoka nami.

Daktari alifika na pikipiki kabla ya saa moja. Alimpima joto, akamfinya ngozi ya shingoni kuona kama inarudi mahali pake haraka. Ilirudi polepole, dalili kwamba maji yamempungua. Akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akampa maji chini ya ngozi ya mgongo, yakatuna kama nundu ndogo kisha yakaanza kunyonywa. Alipomaliza akaomba lile kopo la matapishi. Akayamwaga juu ya gazeti, akachukua njiti, akaanza kuyatenganisha. Nilisimama pembeni nikisubiri kusikia neno kangaga.

"Unaona hivi viwili?" aliniuliza. Njiti ilikuwa imetenga upande mmoja vipande bapa, na upande mwingine nyuzinyuzi nyembamba kama sindano za msonobari. Katikati kulikuwa na maganda mawili madogo mekundu. Usiku, kwa mwanga wa simu, vyote nilikuwa nimeviona kuwa kitu kimoja.

"Nionyeshe hilo kangaga."

Tukaenda shimoni. Lilikuwa limelala kifudifudi juu ya maganda ya ndizi, limeanza kunyauka. Akaling'ata kidogo kwa ncha ya meno, mbele yangu, akatema. Kisha akageuza jani. Upande wa chini, kando ya kila kijani, palikuwa na safu ya vidoadoa vya kahawia, vimepangwa kama vifungo vya shati. "Haya ndiyo mazazi yake. Halina ua, halina tunda, halina mbegu. Mwalimu, hili halimdhuru mbwa. Popi angekula sahani nzima angetapika, kama anavyotapika akila nyasi. Lakini sumu haimo."

Nilifundisha shule ya msingi miaka 34. Sayansi nilifundisha zaidi ya nusu ya miaka hiyo. Mimea isiyotoa maua nimeichora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na vidoadoa vile nimevichora kwa chaki ya rangi. Hata hivyo nililing'oa kangaga la mama bila kuligeuza jani.

Tukarudi barazani. Hakuhitaji kuuliza lile jingine. Lilikuwa kwenye chungu kando ya ngazi, chini kabisa, mbele ya pua ya mbwa. Nililinunua Februari kwenye kitalu kimoja cha maua kando ya barabara kuu, kwa ajili ya kupamba nyumba siku ya kipaimara cha mjukuu. Muuzaji aliniambia ni feni, yaani kangaga kwa jina la Kiingereza, tena feni ngumu isiyosumbua kwa maji. Wauzaji wengi huitumia feni kama jina la ukoo, na kila mmea wenye majani laini yanayoyumba wanauingiza humo. Daktari alipitisha vidole kwenye shina, akanionyesha vimiiba. Akanionyesha maua meupe madogo yaliyokuwa yamebaki kwenye ncha moja. Halafu matunda, mekundu, ya ukubwa wa punje ya mtama iliyovimba, mengine bado mabichi. Upande wa chini, alipofika Popi, vikonyo vilikuwa vitupu.

"Feni haina miiba," alisema. "Feni haitoi ua. Feni haizai. Ukiona tunda, aliyekuambia feni hakujua anachouza."

Mmea huo ni asparagasi. Ni jamaa wa karibu wa ile asparagasi ya mboga inayouzwa kwenye maduka makubwa, na mbali kabisa na ukoo wa makangaga. Hata yale tunayodhani ni majani yake si majani, ni vijitawi vilivyojifanya majani. Wangu ni wa aina ya Afrika Kusini, wenye matunda mekundu. Aina nyingine, yenye matawi bapa kama wingu, imeenea porini kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ndiyo inayofungwa pamoja na mawaridi kwenye mashada ya maharusi wetu. Zote mbili huitwa feni, na zote mbili zina saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Zikifika tumboni mwa mbwa huuchokoza utumbo, akatapika, akaharisha, akaumwa tumbo. Matunda ndiyo mabaya zaidi. Mbwa anayejisugua kwenye mmea huo mara kwa mara anaweza pia kuota vipele. Mbwa mkubwa mwenye afya kwa kawaida hupita salama. Kwa mtoto kama Popi hatari kubwa ni kukaukiwa maji, na ndiyo maana nundu ile mgongoni ilikuwa muhimu kuliko dawa yoyote ya kienyeji tuliyopigiwa kelele juu ya ukuta.

Kufika Jumatatu jioni Popi alikula wali laini na kuku wa kuchemsha bila chumvi. Jumatano aliniibia kandambili.

Katika siku zile tatu nilisoma sana. Nilitaka kujua kangaga la mama lina jina gani duniani, na kama yule kijana alikuwa ananifariji tu. Hakuwa ananifariji. Kangaga lake ni la jenasi ya Nephrolepis. Spishi zake hukua zenyewe hapa kwetu, kandokando ya vijito vya Usambara na hata juu ya vigogo vya michikichi huko pwani. Ndugu yao maarufu zaidi ni kangaga la Boston, ambalo watu wa Marekani na Ulaya hulitundika barazani na sebuleni. Lilitambuliwa mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyosafirishwa kutoka Philadelphia kwenda eneo la Boston. Moja kati yao majani yake yalishuka na kupinda kwa madaha, badala ya kusimama wima kama wenzake, na kutokana na hilo moja yakazalishwa mengine bila idadi. ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanzishwa New York mwaka 1866, lina orodha ndefu ya mimea na madhara yake. Kangaga la Boston limeandikwa humo kwamba halina sumu kwa mbwa, paka wala farasi. Kwenye orodha hiyohiyo asparagasi, yenye feni kwenye jina lake la Kiingereza, imo upande wa sumu.

Nikatulia na jambo hilo muda mrefu. Kuna kangaga la kweli ambalo linaua ng'ombe. Kuna kangaga la kweli ambalo mbwa analala chini yake. Na kuna lisilo kangaga hata kidogo linalouzwa kwa jina la kangaga, na ndilo lililomlaza Popi. Mtu akiniuliza leo kama feni ni salama kwa mbwa, siwezi kumjibu mpaka aniletee jani, na hata jani silitaki bila shina lake. Nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa sababu swali lile kila mtu analiuliza kwa jina, na jina ndilo lililonidanganya mara mbili katika usiku mmoja, mara moja kwa kumtuhumu asiyehusika na mara ya pili kwa kumficha mwenye kosa.

Baada ya hapo nikazunguka baraza lote na daktari kwenye simu, nikimtumia picha za kila chungu. Vyungu vingi tulivipita haraka. Kile kiua changu cha zambarau cha dirishani alikipitisha bila neno, na nilifurahi, maana ni mtoto wa kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikichukua kwenye miamba yenye kivuli akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata kikapewa jina la Saintpaulia, na leo kimo madirishani kote duniani. Wajerumani bado wanakiita kwa jina la Usambara. Mbwa hakimdhuru.

Mmea mwingine wa kwetu haukupita. Ule wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambao wauzaji huuita zizi, asili yake ni misitu mikavu ya Afrika Mashariki mpaka kusini, Zanzibar ikiwemo. Umejaa fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kama sindano. Mbwa akiutafuna kinywa humwaka moto, akatokwa na udenda na kujisugua pua kwa makucha. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kila aliyewahi kumenya magimbi mabichi anaujua mwasho ule, na kweli ni ukoo mmoja. Nikaupandisha juu ya kabati.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mmea wa getini ambao wanangu walinipandia nilipostaafu, na wao hutamka saikasi. Wengine huuita mtende mdogo. Shina lake ni fupi, majani yamekaa duara kama taji, magumu, yenye ncha zinazochoma. Daktari alinipigia mara tu picha ilipofika.

"Huo utoe leo, mwalimu."

Nilijaribu kumbishia. Mmea ulikuwa wa gharama, na majani yake machanga huzaliwa yakiwa na vijani vilivyojikunja, vilevile kama vya kangaga, nikadhani labda ni ndugu. Si ndugu, na si mtende. Ni wa ukoo wa mtapo, ule wa misitu ya pwani yetu. Sehemu zake zote zina sumu, mbegu kupita vyote. Mbwa aliyekula mbegu moja au mbili anaweza kufa. Huanza kutapika ndani ya saa chache, mwenye mbwa akadhani ni chakula, kisha baada ya siku mbili au tatu ini linashindwa kazi, macho na fizi zinageuka njano, na wakati huo mara nyingi hakuna la kufanya. Wanangu walipokuja Jumapili iliyofuata niliwapa majembe. Mkubwa alinuna kidogo. Nilimwambia habari za ini, akachimba.

Jambo moja daktari alilisema kwa kupita tu, na mimi naliona zito kuliko vyote: udongo. Popi hakutafuna majani kwa njaa. Katika umri ule meno 28 ya utoto yanang'oka na 42 ya ukubwa yanaota, na fizi zinamwasha. Akikuta chungu atatafuna jani, na akimaliza jani atafukua. Chini ya kangaga lisilo na sumu wengi wetu tunaweka unga wa mifupa, au damu kavu, au dawa ya konokono, au maji ya dawa ya wadudu iliyobaki kwenye bomba la kupulizia. Unga wa mifupa humnukia mbwa kama chakula, na akila mwingi hugandamana tumboni kama saruji. Dawa nyingi za konokono zina metaldehidi, inayomtia mbwa degedege. Mmea unaweza kuwa mwema, na chungu chake kikamuua mbwa. Mimi mwenyewe nilikuwa naweka unga wa mifupa kwenye mawaridi, na nilikuwa naufukia juujuu tu.

Kangaga la mama niliokoa nusu. Nililitoa shimoni Jumapili ileile aliyokuja daktari, nikakata majani yaliyonyauka, nikabakiza vijikamba virefu vyembamba ambavyo mmea huo huvitambaza kutafuta pa kuotea, na shina moja lililokuwa bado lina maji. Kopo nililiosha, nikatia udongo mpya uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Wiki baada ya wiki halikuonyesha kitu. Nilikuwa nalinyunyizia asubuhi na jioni bila kusema na mtu.

Dada yangu mkubwa anaishi bado Lushoto. Sikumwambia habari hii mpaka mwezi wa tatu tangu usiku ule, maana kangaga lilikuwa la mama yake pia. Alipiga simu jioni moja kuuliza hali za watoto, nikajikuta nimesema yote, la shimo la taka nikalisema mwisho. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa nini ulidhani ni sumu?" aliniuliza.

"Si mama alitukataza kangaga? Mizigo yote ile tuliyorudisha mlimani?"

"Mama hakukataza kangaga," dada alisema. "Alikataza la mlimani. Wewe ulikuwa mdogo, ulishika neno la mwisho. Hili la mtoni tulikuwa tunalikata kila msimu wa plamu, anafunikia matenga yasipigwe jua yakienda sokoni. Hukumbuki? Alikuwa anatuuliza, mmeleta kangaga lipi? La mlimani linasimama mojamoja, limechomoza peke yake ardhini, na jani linagawanyika, likagawanyika tena. La mtoni yanatoka mengi mahali pamoja, na kila jani limekaa kama unyoya wa jogoo. Ndilo alilokuja nalo kwako. Unadhani mama angepakata sumu safari yote ile?"

Nilikumbuka matenga. Nilikumbuka hata harufu ya plamu chini ya yale majani mabichi. Lile swali, mmeleta kangaga lipi, sikulikumbuka, na mpaka leo nikijaribu kuisikia sauti ya mama ikiliuliza sipati. Nina sauti ya dada tu.

Tulipoagana nilitoka nje na tochi. Popi alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, mbwa mkubwa sasa, meno yote yameota. Kwenye kopo la Kimbo, kando ya lile shina nililoliokoa, kulikuwa na vikunjo vitatu vya kijani hafifu vyenye manyoya, vimejizungusha kama mkia wa kinyonga. Asubuhi havikuwepo, au sikuviona. Ndoano ya dari ilikuwa imeshika kutu, nami nilikuwa bado sijanunua nyingine. Nikaliweka kopo chini, karibu na mkeka wake, upande ambao jua la asubuhi haliufikii.